Nyeupe ya Mzee Lisandri

Neema na Salim,

Mliniomba karatasi moja tu, ya kueleza jinsi ya kupika gundi inayopakwa kwenye turubai kabla ya rangi. Nimekaa nayo wiki tatu. Kila nikiandika "chukua gundi" nawaza kwamba mtauliza ni gundi gani, na nikieleza ni gundi gani itanibidi niseme nani alinifundisha, na nikishamtaja siwezi kuishia kwenye gundi. Kwa hiyo pokeeni yote. Gundi imo humu ndani, mtaikuta.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua mnacheka. Lakini mchoraji niliyemfanyia kazi amefariki, studio yake ya Woolwich imerudishwa kwa mwenye jengo, na kazi ya kuwa mikono ya msanii mmoja huwezi kuihamishia kwa mwingine. Nyinyi huko Barking mnatengeneza turubai za wachoraji hamsini ambao hamwaoni. Mimi nilikuwa na mmoja, kwa miaka tisa, na nilimwona kila siku isipokuwa Jumapili.

Nilifika London katikati ya miaka ya tisini nikiwa na digrii ya kemia kutoka Nairobi. Nafasi yangu ya chuo ilikuwa imeahirishwa kwa mwaka mmoja. Nililala sebuleni kwa Shangazi Zuhura, Thamesmead, na shughuli yangu kubwa ilikuwa kuwaza. Niliwaza kama mlango nimeufunga. Niliwaza kama basi nililopanda ndilo, hata likiwa limeshanifikisha. Shangazi alikuwa akihudumia wagonjwa majumbani mwao, na mgonjwa wake wakati huo alikuwa mama mmoja wa Kiitaliano, mke wa mchoraji. Siku mama huyo alipozikwa, shangazi alirudi, akavua viatu, akakaa bila kuvua koti.

"Yule mzee amebaki peke yake na machupa yake," akasema. "Mkewe ndiye aliyekuwa akimsagia rangi. Kesho twende."

"Mimi sijui kuchora, shangazi."

"Nani kakwambia uchore? Umesoma kemia. Na leo asubuhi kabla sijatoka ulikwenda mara sita kuangalia kama jiko limezimwa. Mtu wa namna hiyo hapotezi kazi, ila kichwa tu."

Donato Lisandri alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na sweta lake lilikuwa limekauka rangi kwenye viwiko mpaka likawa gumu kama ubao. Aliniuliza nimesoma nini. Nilipomjibu akasema, "Basi wewe ni dottoressa," na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. Kwao kila mwenye digrii ni daktari, hata kama hajawahi kumgusa mgonjwa. Mimi nilimwita Mzee. Alitaka kujua maana yake, shangazi akamweleza, akasema inamfaa, kwa kuwa miguu yake imekuwa ikimwita hivyo muda mrefu. Tulizungumza Kiingereza, chake cha jikoni na changu cha darasani, na kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Alipaka alama mbili nyeupe kwenye kipande cha ubao akaniuliza tofauti yake. Mtu wa kawaida angejibu kwa neno moja. Mimi nilitazama dakika tano. Nikasema ya kushoto inaonekana na joto zaidi, ila labda ni kwa sababu ya ukuta wa matofali ulio nje ya dirisha, na kama tungegeuza ubao labda ningesema kinyume, na kwamba sina hakika kama swali lilikuwa la rangi au la mafuta.

Mzee akageuza ubao. "Sasa?"

"Bado ni ya kushoto. Yaani ile iliyokuwa kushoto. Ambayo sasa ni ya kulia."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyokuwa mkataba wangu, maana mwingine hatukuandika. "Kusaga naweza mwenyewe. Mke wangu alikuwa akiniambia. Nikikosea rangi alisema, hata kabla sijaweka brashi chini. Nazeeka, dottoressa. Nataka jicho la pili humu ndani, linaloniambia."

Nikasema ndiyo. Shangazi akanibana kiwiko, ishara kwamba nisiongeze neno.

Gundi, basi. Ni ya ngozi ya sungura, punje za rangi ya asali. Pima sehemu moja ya gundi kwa kumi na mbili za maji, loweka kwenye maji baridi tangu jana yake mpaka punje zivimbe, kisha weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Iyeyuke polepole. Isichemke. Wiki yangu ya kwanza niliiacha ichemke, kwa sababu msichana aliyelelewa kwa kukoroga uji anaamini kwamba kisichotoa mapovu hakijaiva. Inanuka vibaya lakini inaonekana sawasawa, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ikichemka nguvu yake inakwisha. Mzee alipaka turubai tatu kwa gundi yangu, na mwezi mmoja baadaye ule msingi mweupe unaopakwa juu ya gundi ukaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua.

"Dottoressa," akasema, "umenipikia supu."

Alinionyesha jinsi ya kupima: acha kijiko kimoja cha gundi kipoe mpaka kigande, kisha kibonyeze kwa kidole. Kikipasuka kwa mstari mmoja safi, gundi ni nzuri. Kikitetemeka na kurudi, ongeza gundi. Hilo halimo kwenye kitabu cha kemia. Nilitafuta.

Nyeupe aliyopenda ni ile ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Niliusaga unga wake kwa mafuta juu ya bamba la kioo, nikizungusha jiwe kwa mwendo wa namba nane, nimevaa barakoa, kucha nimekata mpaka kwenye nyama. Nilinawa mara nyingi mno hata ngozi ya vidole ikapasuka. Shangazi hakuniruhusu kuingia na nguo za kazini, nilibadilisha kwenye baraza, majirani wakiniona. Binti yake, aliyezaliwa hapa na ambaye hujibu Kiswahili chetu kwa Kiingereza, aliwaambia wenzake shuleni kwamba mimi nafanya kazi kwenye kinu cha nyuklia.

Wakati nasaga, Mzee alizungumza. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yake, vipande vipande, kila kipande kirefu kiasi cha mtungi mmoja wa rangi. Alizaliwa kusini kabisa mwa Italia, kwenye mji wa kilimani ambao nyumba zake zote hupakwa chokaa. Baba yake alikuwa mpakaji chokaa. Kila mwaka kabla ya joto alipaka mji mzima, chokaa juu ya chokaa, mpaka pembe za nyumba zikaviringika kama mkate. Mzee alimbebea ndoo. Alikuja London akiwa kijana kuosha vyombo hotelini, akapanda kuwa mpishi, akachora Jumapili. Alichora kuta. Kwa miaka arobaini na zaidi alichora kuta nyeupe za mji ule kwa kumbukumbu tu, kwa maana hakurudi tena. Kulikuwa na kipindi watu walimjua, magazeti yakamwandika. Kisha wakageukia wachoraji wengine kwa miaka ishirini. Hilo alilisimulia kwa sauti ile ile aliyotumia kusimulia supu ya kunde.

Utaratibu wake mmoja muushike, hata kama wachoraji wenu wataucheka. Picha ikimalizika tuliigeuza ielekee ukutani, ikae hivyo msimu mzima wa baridi. Majira yakibadilika aliigeuza na kuitazama mara moja. Ikimridhisha iliondoka. Isipomridhisha aliniambia, "Rudisha chokaa," na mimi nilichukua brashi pana nikaipaka yote nyeupe, tayari kwa nyingine. Hakuwahi kubadili neno. Mwanzoni nilichovya brashi mara tatu kabla ya kuanza. Nilikuwa nawaza, na kama amekosea? Baadaye niliona kwamba picha alizozifuta zote zilistahili kufutwa, na hofu ikapungua, ingawa kwangu hofu haiishi, huhamia mahali pengine.

Na mimi nilikuwa naye mkweli, miaka ile ya kwanza. Niliweza kusema, "Kivuli hiki kimekuwa kijani, Mzee," na yeye akakikwangua. Nilisema kwa kuzunguka, kwa "labda" tano, lakini nilisema. Kile chuo kilichoniahirisha sikukirudia.

Sasa nafika kwenye kile kisehemu nilichokiandika mara nne na kukifuta.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Mzee alianza kulalamikia nyeupe yangu. "Imeingia njano," akasema. Nilisaga nyingine. Njano. Niliacha mafuta ya mbegu za kitani nikatumia ya kokwa za jozi, ambayo hayageuki njano haraka. Njano. Nilikwenda maktaba nikasoma kuhusu mafuta wiki nzima, nikajaza daftari. Kisha asubuhi moja nilimletea chai, akatazama kikombe akauliza kwa nini siku hizi maziwa ya Uingereza yana rangi ya krimu. Maziwa yalikuwa meupe. Hapo nikajua kwamba si mafuta.

Wapo watu ambao wangesema saa ile ile. Lakini kwetu, mtu mzima akisema chai haina sukari, huonji kwanza. Unaongeza. Na huyu hakuwa mtu mzima tu. Alikuwa mjane aliyebakiwa na kazi moja duniani, na kazi hiyo ilikuwa kuona weupe. Ningemwambiaje kwamba chombo chenyewe kimeharibika? Nilichukua kipeperushi cha hospitali kuhusu mtoto wa jicho nikakiweka mkobani. Kilikaa humo mpaka pembe zake zikalegea. Kila siku nilikuwa na sababu mpya ya kungoja, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Nyumbani Mombasa, shati jeupe la shule likishaanza kuwa na umanjano, mama halisugui tena. Kwenye maji ya mwisho ya kusuuza anachovya kifuko cha buluu, anakoroga, analitumbukiza shati, na likikauka linang'aa kuliko lilivyokuwa dukani. Kanzu za baba za Ijumaa zote zilifuliwa hivyo. Hakuna mtu anayeuita uongo. Ndivyo nguo nyeupe inavyotunzwa.

Nilitia buluu. Kiasi cha ncha ya kisu tu, ile buluu kali ya unga, nikaisaga pamoja na nyeupe mpaka isionekane ila kwa aliyejua. Mzee alichota kidogo, akapaka, akarudi nyuma hatua tatu.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo ya baba yangu."

Siku hiyo alipiga mluzi akichora. Tangu mkewe afe sikuwa nimemsikia. Basi niambieni, kesho yake ningeiondoaje? Baada ya miezi miwili akasema njano imeanza tena, nikaongeza ncha nyingine. Halafu nyingine. Majira mawili ya baridi yalipita hivyo, na picha kumi na nne zikasimama zimegeukia ukutani, hata za baridi ya kwanza, ambazo aliziridhia na kuzirudisha zingoje maonyesho, zote zimechorwa kwa nyeupe ambayo haikuwa nyeupe.

Bi Frances, aliyekuwa na duka la sanaa na ambaye ndiye aliyekuja kumkumbuka Mzee wakati wengine wamemsahau, alikuwa akiandaa maonyesho makubwa ya kwanza ya Mzee baada ya miaka mingi. Alizichungulia picha kadhaa kabla ya wakati, kinyume cha utaratibu, Mzee akiwa chooni.

"Uzee umemfanya jasiri," akaninong'oneza. "Umeona ubaridi wa nyeupe hii?"

"Nimeiona," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Ni yeye pia aliyemwona Mzee akikosa kukanyaga kidato cha ngazi, akamkamata mkono, na bila kuwaza hata mara moja akamwambia, "Donato, huoni. Kesho nakupeleka kwa daktari wa macho." Alihitaji sekunde mbili. Mimi nilikuwa nimetumia miaka miwili. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba ajabu ni jinsi alivyoweza kuchora. Wakamfanyia upasuaji jicho la kushoto na kuliwekea kioo kipya, la kulia likangojea zamu.

Alirudi studio wiki iliyofuata asubuhi, amenyoa, amevaa shati safi. Alisimama mlangoni akinitazama. "Kumbe umeanza kupata mvi," akasema, na akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kisha akaniambia nigeuze picha zote.

Niligeuza moja moja. Nilizipanga kuzunguka chumba, na mwanga wa dirisha la kaskazini ukaziangukia zote sawa. Mzee alifunika jicho la kulia kwa kiganja. Akafunika la kushoto. Akarudia.

"Jicho la zamani linaona chokaa," akasema. "Jipya linaona barafu. Labda daktari ameniwekea kioo kibovu." Akanigeukia. "Dottoressa. Ni rangi gani?"

"Nimetia buluu," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye nyeupe. Nimekuwa nikitia."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka juzi."

"Kwa nini?"

"Ulisema ilikuwa njano."

"Na ilikuwa njano?"

"Hapana, Mzee."

Alikaa kwenye kiti cha kusagia, kiti changu. Nikamweleza kila kitu, kikombe cha maziwa, kipeperushi, shati la shule, kanzu za baba. Nilieleza kupita kiasi, kama kawaida yangu, mpaka nikafika kwenye adabu, kwamba kwetu mtu hamkosoi mzee usoni, humsaidia kimyakimya. Alisikiliza yote. Nilitaka anikaripie. Nilikuwa nimeshaandaa majibu ya makaripio.

"Miaka miwili nilikuwa kipofu," akasema, "na mtu mmoja tu alijua. Mimi nilikuwa namwuliza yeye."

Kisha akainuka tufanye kazi, maana maonyesho yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Alipita picha kwa picha. Nne alisema ziende, buluu ndani yake ilikuwa kidogo, ya mwanzo mwanzo. Tisa akasema, moja baada ya nyingine, "Rudisha chokaa." Sikubisha kwa hata moja. Zilikuwa na ubaridi wa friji, alikuwa sahihi. Ilibaki moja.

Ilikuwa ukuta wa saa sita mchana, na katikati yake dirisha lililozibwa kwa matofali na kupakwa upya, nyeupe mpya juu ya nyeupe kuukuu. Hakuna kingine. Katika hiyo, kwa namna ambayo hakuna mmoja wetu aliyeikusudia, buluu yangu ilikuwa imekaa yote kwenye kile kiraka kipya, na kiraka kilikuwa kimefunguka. Ungeapa kwamba upande wa pili kuna hewa. Nilikuwa nimeisimamia kazi yake miaka mitano na sikuwa nimeona kingine kama kile. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na "labda" hata moja.

"Hii iache, Mzee," nikasema kabla hajauliza. "Hii ni nzuri. Ni bora kuliko zote."

Alifunika jicho moja, kisha jingine.

"Unasema kwa macho au kwa adabu?"

"Kwa macho."

"Ungesema hivyo hivyo kama ingekuwa mbaya?"

Hapakuwa na jibu ambalo mtu aliyefanya nilichofanya angeweza kulitoa likapokelewa. Ningeapa, na kiapo kingekuwa na sauti ile ile niliyosemea "ni sawa, Mzee" kwa miaka miwili.

"Inawezekana ni nzuri," akasema taratibu, akiitazama. "Nahisi hivyo. Lakini macho haya nina wiki moja nayo, hatujajuana. Hapa ndipo nilipokuhitaji." Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. "Rudisha chokaa, dottoressa."

Nilikoroga nyeupe, safari hii nyeupe tupu. Nilianza juu kushoto, kama alivyonifundisha, mpako mmoja mrefu mpaka ukingoni, kisha unaofuata ukipanda juu ya wa kwanza kidogo. Nilipofika kwenye dirisha nilisimama. Alikuwa nyuma yangu, nilisikia anavyopumua. Nikaendelea.

"Na pembeni pia," akasema, kana kwamba napaka ukuta wa mji wake. "Kwenye mkunjo. Maji yasije yakaingia."

Hakunifukuza. Wengi huuliza hilo. Tulifanya kazi miaka mingine minne, jicho la pili likatengenezwa, akachora kuta nyingine, baadhi mmeziona. Alinitania kuhusu mvi, alimtumia shangazi salamu na chupa za mafuta ya zeituni. Alinifundisha mambo ambayo nitayaandika kwenye karatasi nyingine, ya kukaza turubai na ya kuosha brashi. Kitu kimoja tu kilibadilika. Kila niliposaga mtungi mpya alikwenda kwenye ngazi, akamwita fundi wa gereji ya matairi iliyokuwa chini yetu, kijana wa Kighana aliyekuwa hajui lolote kuhusu picha na hakutaka kujua.

"Njoo mara moja, rafiki yangu. Niambie, hii ni nyeupe?"

Yule kijana alipanda, mikono yake myeusi kwa grisi ameishika mbali na kila kitu, akainama juu ya bamba la kioo na kutazama. Nami nilisimama upande wa pili wa meza, kisu cha rangi mkononi, nikingoja aseme, kama Mzee alivyokuwa akingoja.